Shi au tsu, n au so: ukichanganya herufi za katakana, anzia hapa

Mtu anaweza kuzijua herufi zote 46 za katakana, mojawapo ya mifumo ya kuandika Kijapani, akakuhesabia kwa mpangilio kuanzia a, i, u, e, o mpaka n, kisha ukamwekea mbele neno シャツ akaduwaa. Ile ya mwanzo ni shi au tsu? Na ya mwisho je? Neno lenyewe ni shatsu, yaani shati, na limebeba herufi mbili zinazowasumbua wanafunzi wa Kijapani kila mahali.

Nilipoanza kujifunza nilidhani tatizo langu ni kumbukumbu. Nikatengeneza kadi, nikazichanganya, nikajipima kila usiku, na kila asubuhi シ na ツ zilikuwa zimebadilishana viti. Nilitoka hapo siku nilipoacha kuzitazama kama picha nikaanza kuzifuata kama njia: kalamu ilianzia wapi, ikaelekea wapi. Dalili nitakazozieleza ni nyingi, lakini nyingi kati yake zina chanzo hicho kimoja. Waliopitia madrasa wanaijua hali hii. Ba, ta na tha zina umbo moja, na asiyeangalia nukta hana anachosoma. Katakana nayo ina mahali pake pa kutazama, na mahali penyewe ni mwelekeo wa mstari.

“Nasoma shi penye tsu, na n penye so”

Hii ndiyo dalili kubwa, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Herufi ni nne: シ ni shi, ツ ni tsu, ン ni n, ソ ni so. Wengi huzishika kama matatizo mawili, kumbe ni moja. シ na ン ni ndugu: mstari wao mrefu huanzia chini kushoto ukapanda kwenda kulia. ツ na ソ ni ndugu: mstari wao mrefu huanzia juu kulia ukashuka kwenda kushoto. Ukishaijua シ, ン umeipata bure, kwani imepungukiwa kistari kimoja tu. Vivyo hivyo ツ na ソ.

Zinachanganya kwa sababu tunazikuta zimeshaandikwa. Mlima ni uleule, uwe unaupanda au unaushuka. Mstari uliopanda na mstari ulioshuka huacha alama zinazokaribiana sana. Anayetazama alama peke yake atabahatisha. Anayejua mkono ulikotokea hana sababu ya kubahatisha.

Kwa hiyo usianze na mstari mrefu. Anza na vistari vifupi. Kwenye シ vimelala, kimoja juu ya kingine, vyote vimebanwa upande wa kushoto. Kwenye ツ vimesimama bega kwa bega, juu. Chukua rula uiweke wima pembeni kushoto mwa シ: mianzo ya mistari yote mitatu itaigusa. Kisha ilaze rula juu ya ツ: hapo tena mianzo yote mitatu itaigusa. Kipimo hichohicho kinafaa kwa ン, ambayo mianzo yake hupangika kushoto, na ソ, ambayo mianzo yake hupangika juu. Baada ya siku chache hutahitaji rula, jicho litajipimia lenyewe.

Kama tayari unajua hiragana, ule mfumo mwingine wa Kijapani wenye sauti zilezile, una kipimo cha pili. Hiragana し hushuka upande wa kushoto, ikapinda chini na kupanda kulia. Unganisha mistari ya シ kwa mfuatano wake na utapita njia hiyohiyo. Hiragana つ hutembea juu kuelekea kulia, kisha hupinda na kushuka kushoto. Unganisha mistari ya ツ uone. Nayo ん humalizia kwa kuinuka, na そ huanzia juu.

Kwa asiyejua hiragana, nimekuwa nikitumia maneno manne yetu, na yamewasaidia wenzangu kuliko maelezo marefu. Shi ni shina: mstari huanzia chini, kwenye shina, ukapanda. Tsu ni tsunami: wimbi huporomoka kutoka juu. N ni ndege: hupaa kutoka ardhini. So ni soma: macho huanzia juu ya ukurasa yakashuka. Tena, kile kikaragosi cha mitandaoni cha mtu anayeinua mabega, ¯\_(ツ)_/¯, uso wake ni ツ. Macho mawili yamesimama sambamba juu, na tabasamu liko chini yake. Ukiweka シ mahali hapo, uso unalala ubavu.

Niseme kidogo zilikotoka, kwa sababu kunapunguza hasira. Katakana ilianza karne ya 9, kwa watawa wa Kibuddha waliokuwa wakiandika vidokezo vya usomaji kwenye maandishi ya Kichina. Nafasi ilikuwa finyu, hivyo wakachukua kipande tu cha kanji, yaani herufi ya Kichina, wakaacha kingine. Neno “kata” katika katakana lina maana ya upande mmoja au sehemu isiyokamilika, na kwa sadfa nzuri Kiswahili nacho kinaelewa: walikata. タ ni nusu ya 多. ソ ni mistari miwili ya juu ya 曽, zile pembe zake, ndiyo maana yote huanzia juu. Vipande vilivyomegwa kutoka herufi tofauti vikatokea kufanana, na hakuna aliyekaa kupanga kwamba visifanane.

“Kitabuni nasoma vizuri, kwenye bango nashindwa”

Chanzo hapa ni aina ya mwandiko. Fonti za Mincho, zinazotumika sana vitabuni na magazetini, huonyesha alama za brashi: mstari huwa mnene ulipoanzia na mwembamba ulipoishia. Kwenye シ unene uko chini, kwenye ツ uko juu, hivyo mwelekeo unauona waziwazi. Fonti za Gothic, zilizojaa kwenye simu, mabango na vibandiko, huwa na unene mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ile alama uliyozoea kuitegemea bila kujijua imeondoka. Kwenye fonti hizo rudi kwenye kipimo cha rula: mianzo imepangika kushoto au juu?

Mwandiko wa mkono ndio mgumu zaidi. Mwenye mgahawa akiandika orodha ya vyakula kwa haraka, シ yake na ツ yake zinaweza kukaribiana mpaka usione tofauti yoyote. Mjapani mwenyewe hapo hasomi herufi, anasoma neno. Nawe unaweza, kwa sababu lugha imeweka mipaka ya herufi gani inaweza kukaa wapi.

Ikiwa herufi yenye utata inafuatwa na ャ, ュ au ョ ndogo, ni シ. Kwa hiyo mwanzo wa シャツ hauna mjadala, na kilichobaki mwishoni ni ツ.

Ikiwa herufi yenyewe imeandikwa kwa umbo dogo katikati ya neno, ni ッ, tsu ndogo. Hiyo haitamkwi, inakuambia uishikilie kidogo konsonanti inayofuata, kama katika サッカー, sakkaa, yaani soka.

Ikiwa inafuatwa na ー, ule mstari wa kurefusha irabu, basi ni ソ, wala haiwezi kuwa ン, maana n haina irabu ya kurefushwa. ソース ni soosu, sosi.

Ikiwa ina vistari viwili vidogo begani, ni ゾ, zo. ン haivai vistari hivyo kamwe. アマゾン, Amazon, ni neno zuri la kujipimia, kwani zo na n zimekaa jirani. Kati ya ジ, ji, na ヅ, zu, kwenye maneno yaliyokopwa kutoka lugha za nje, chagua ジ; ヅ ni adimu sana humo.

Ikiwa iko mwishoni mwa neno lililokopwa, mara nyingi ni ン: パン mkate, ミシン cherehani, ラーメン tambi za mchuzi. Hii si sheria, ni uzito wa mizani tu, maana ipo ペソ, peso, sarafu ya Ufilipino. Na ikiwa iko mwanzoni mwa neno, karibu kila mara ni ソ, kwa kuwa maneno ya Kijapani hayaanzi na n iliyosimama peke yake. Nimesema karibu. Kuna jina moja la kwetu linalouvunja utaratibu huo, nitalitaja kabla sijamaliza.

Katika ン sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati. Wageni wengi huhangaika kuelewa n inayosimama kama pigo kamili la sauti bila irabu. Sisi tunasema nchi, tunasema mtu, na hatujawahi kuona ajabu. タンザニア ni mapigo matano: ta, n, za, ni, a.

“Naandika shi, wanasoma tsu”

Wewe unaona umeandika sawa, msomaji anasema umekosea. Mara nyingi umechora mstari mrefu wa シ kuanzia juu kuja chini, kwa sababu mkono uliozoea herufi za Kilatini hupenda kushuka. Umbo likatoka na mkia mwembamba chini, na Mjapani akaona tsu.

Fuata mfuatano huu bila kuruka. シ: kistari cha juu, kistari cha pili chini yake, kisha weka kalamu chini kushoto uinue kwenda kulia. ツ: kistari cha kushoto, kistari cha pili kulia kwake, kisha weka kalamu juu kulia ushushe. ン: kistari kimoja, kisha inua. ソ: kistari kimoja, kisha shusha. Andika kila moja mara 20 ukitamka sauti yake kila unapomaliza mstari mrefu. Hapo mkono utaanza kulisaidia jicho hata wakati wa kusoma.

Kosa hili huumiza zaidi kwenye majina ya watu. Mtu anayeitwa Sofia ataandika ソフィア. Akiinua mstari badala ya kuushusha, amejiandika ンフィア, na afisa anayeingiza fomu hajui aanzie wapi.

Kuna pia kosa la sikio linalojifanya la jicho. Kiswahili sanifu hakina sauti ts, kwa hivyo wengine husoma ツ kama su. Baada ya muda wanaanza kuandika ス, herufi ya su, mahali pa ツ. Hapo hakuna zoezi la macho litakalofaa. Rekebisha matamshi kwanza: ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno kama unasema t, kisha iachie kwa s.

“Ku, ke, ta, wa, u, fu: zote naona kofia moja”

Nakushauri usizikariri moja moja. Zichukue kama ukoo, na babu wa ukoo ni フ, fu: mstari mmoja wa mlalo unaopinda na kushuka kushoto. Hii ni njia ya kukumbuka tu, kwani kihistoria kila moja ina kanji yake.

Mwekee babu mstari mlalo juu ya kichwa, umepata ラ, ra. Mwekee kistari kifupi cha wima upande wa kushoto, umepata ワ, wa. Ichukue ワ uichomeke kistari utosini, umepata ウ, u. Ukiibana フ iwe nyembamba, na kushoto ukaweka mstari wa mshazari badala ya wima, hiyo ni ク, ku. Weka kistari ndani ya tumbo la ク, umepata タ, ta. Mstari ukipita katikati ya フ, ni ヲ, ambayo hutaikuta mara nyingi kwenye maneno ya leo.

Wanaochanganyikiwa sana ni ワ na ク. Tazama bega la kushoto. Kwenye ワ bega liko sawa na kifuniko chake ni kipana. Kwenye ク bega limelala mshazari na kifuniko ni kifupi.

ケ, ke, si wa ukoo huu hata kidogo, ni jirani tu aliyevaa nguo zinazofanana. Mstari wake wa mlalo haupindi. Unakwenda moja kwa moja kulia, na mguu unashuka kutoka katikati yake. Pasipo kona, usiseme ku.

Jipime kwa タクシー, takushii, teksi, kisha ワクチン, wakuchin, chanjo. Neno la pili lina wa na ku zikifuatana. Ukilisoma bila kusita, ukoo umeuelewa.

Jozi ndogondogo, haraka

ア ni a, マ ni ma. Angalia mstari wa pili: kwenye ア ni mguu unaoshuka kushoto, kwenye マ ni kistari kifupi kinachoangukia kulia.

ス ni su, ヌ ni nu. Kwenye ヌ mstari wa pili unaukata wa kwanza na kutoka upande wa pili. Kwenye ス unaanzia tu juu ya mshazari, ukawa mguu.

コ ni ko, ユ ni yu. Msingi wa ユ ni mrefu na unatokeza nje. Wa コ unaishia kwenye kona.

チ ni chi, テ ni te. Mguu wa チ unapenya mstari wa mlalo mpaka juu. Wa テ unaning'inia chini ya mstari wa pili, haupenyi.

ナ ni na, メ ni me. ナ ina mstari uliolala sawasawa, メ mistari yake yote ni ya mshazari.

ル ni ru, レ ni re. Ikiwa miguu ni miwili, ni ru.

ソ na リ pia huchanganywa. Mstari wa kushoto wa リ, ri, ni wa wima na mrefu kiasi. Wa ソ ni mfupi na umeinama. Gari lililotumika likitoka Japani, fungua kifuniko cha nje cha tangi la mafuta. Mengi yana kibandiko ndani yake chenye neno ガソリン, gasorin, petroli. Humo so, ri na n zimepangwa mstari mmoja, hivyo hata pale kijiweni kwa fundi unapata somo.

“Nimeandika neno sahihi, kamusi ya simu haioni kitu”

Hapa jicho lako halina kosa. Baadhi ya katakana zina pacha katika kanji au hiragana, na kwa kompyuta hao ni watu wawili tofauti. カ ni ka, 力 ni kanji ya nguvu. ロ ni ro, 口 ni kanji ya mdomo. ニ ni ni, 二 ni mbili. エ ni e, 工 ni kanji ya ufundi. タ ni ta, 夕 ni jioni. ハ ni ha, 八 ni nane. Hata he ya katakana, ヘ, na he ya hiragana, へ, ni herufi mbili. Nao mstari wa kurefusha, ー, hugongana na kanji ya moja, 一.

Matatizo haya huja hasa ukinakili maandishi yaliyosomwa kwa kamera ya simu, au ukichagua herufi kwa kuichora kwa kidole. Futa neno zima uliandike upya kwa kibodi. Ukitaka uhakika, tazama namba ya Unicode, ile ambayo kompyuta hutambulia kila herufi: katakana za kawaida ziko kati ya 30A0 na 30FF. ロ ni 30ED, 口 ni 53E3. Anayesoma karatasi, asiye na namba za kutazama, aangalie majirani: herufi iliyozungukwa na katakana pande zote mbili kwa kawaida nayo ni katakana.

Kibodi nayo, ukiandika kwa herufi za Kilatini, ina mtego wake. Ukitaka ン ikifuatwa na irabu, bonyeza n mara mbili. Jina Shin'ichi, シンイチ, ukiliandika kwa n moja litatoka シニチ.

“Kuna herufi kama namba moja, siipati kwenye jedwali”

Unasoma maandishi ya wima. Ule mstari wa kurefusha, ambao kwenye mlalo hulala, kwenye wima husimama, ukaonekana kama 1. Haupo kwenye jedwali la herufi 46 kwa sababu hauna sauti yake mwenyewe. Rudia tu irabu iliyotangulia.

Maneno ya kujipimia

Yasome kwa sauti, na ukisita mahali popote rudi kwenye sehemu inayohusika.

パソコン, pasokon, kompyuta: so na n zimetenganishwa na ko.

マラソン, marason, mbio za marathoni: so na n zimegusana, na ma iko mwanzoni. Kwenye habari za mbio hizo utakutana pia na ワンジル, Wanjiru, yule Samuel Wanjiru wa Kenya aliyesoma sekondari mjini Sendai kabla ya kutwaa dhahabu ya Olimpiki Beijing mwaka 2008. Hapo ni wa, n, ji, ru.

キリマンジャロ: ndilo jina wanalotumia Wajapani kuiuza kahawa ya Tanzania. Angalia ン na ジ zilivyokaa jirani, zote mbili zikipanda kutoka kushoto.

Na lile jina nililoahidi: ンゴロンゴロ. Hapa mwanzoni ni n kweli, usiibadilishe kuwa so. Ni Ngorongoro.